Jazba na fikra: Somo nililolipata kwa Mwalimu wa Tabora



Leo sitaandika juu ya fiqhi wala juu ya mwandamo wa mwezi. Nataka nizungumze juu ya darasa la chuo kikuu, na juu ya mtu mmoja ambaye jina lake katika kurasa hizi halipiti bila kuamsha hisia: Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Najua wapo watakaofungua ukurasa mwingine mara tu wakiliona jina hilo, na wapo watakaosoma hadi mwisho wakitafuta neno la kunikamata nalo. Nawaomba wote subira, kwa sababu jambo ninalotaka kulieleza ni hilo hilo. Mtu akishaguswa moyo, je, akili yake hufunguka au hufunga?

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilikuwa naendesha semina ya wanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa nchini. Somo lilikuwa historia ya Uislamu Afrika Mashariki, na siku hiyo tulifika kwenye harakati za kudai uhuru wa Tanganyika. Kijana mmoja, mzaliwa wa Tabora kama mimi, akasimama akiwa ameshika kile kitabu cha Mohamed Said juu ya maisha ya Abdulwahid Sykes, kilichotoka mwaka 1998. Akaanza kueleza jinsi wazee wa Kiislamu waliotoa nyumba zao, fedha zao na muda wao kwa ajili ya TANU walivyokosa nafasi katika vitabu vya shule. Alianza vizuri, kwa mpangilio. Kisha sauti ikapanda. Akataja mwaka 1968 na kupigwa marufuku kwa EAMWS. Akamtaja babu yake. Mikono ikaanza kutetemeka.

Nikamkatiza. Nikamwambia kwamba chuo kikuu si mahali pa jazba, kwamba hisia aziache mlangoni anapoingia, alete hoja. Wenzake wakacheka kidogo. Kijana akakaa.

Hakusema tena neno hata moja mpaka muhula ulipokwisha. Ulipofika mtihani, swali la harakati za uhuru likatoka, naye akanirudishia notisi zangu aya kwa aya kama nilivyozitoa. Kwa mwongozo wa kusahihishia niliokuwa nao, sikuwa na njia ila kumpa alama ya A. Nilipoweka kalamu chini nilijisikia vibaya sana. Nilikuwa nimemfundisha kunyamaza, na sasa nilikuwa nampa A ya kunyamaza.

Tangu siku ile nikaanza kuyasoma upya maisha ya Nyerere. Sikuyasoma kama Mwislamu mwenye dukuduku, wala kama mtetezi wake, bali kama mwalimu anayemtazama mwalimu mwenzake. Mimi sikumwona akiwa madarakani. Alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na ninachokumbuka ni redio tu na wazee waliokaa kimya barazani. Lakini katika maisha yake nimekuta swali langu limekaa wazi kabisa, kwa uzuri wake na kwa ubaya wake.

Alizaliwa Butiama, karibu na Ziwa Victoria, mwezi Aprili 1922. Baba yake, Burito Nyerere, alikuwa mtemi wa Wazanaki. Mzee huyo alikuwa na wake 22, na Mugaya, mama yake Julius, alikuwa wa tano. Mtoto alikua akiona maisha ya mama yake na ya wale mama wengine: jembe, maji, kuni na watoto, na neno lao kuwa dogo katika mambo yaliyowahusu wao wenyewe. Alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12. Mwaka 1937 akachaguliwa kwenda Tabora.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana Tabora ni kwetu. Wengi siku hizi wanaifahamu Tabora kwa asali, kwa tumbaku na kwa treni inayochelewa. Lakini kabla ya reli, Tabora ilikuwa njia panda ya nchi nzima. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika Unyanyembe, ikapumzika, kisha ikagawanyika: mmoja ukashika njia ya Ujiji na Manyema ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mwingine ukaelekea kaskazini, Karagwe na Buganda. Wanyamwezi walikuwa wapagazi na wafanyabiashara mashuhuri wa njia hiyo. Waarabu na Waswahili wakajenga matembe yao Kwihara na Kazeh. Kwa njia hiyo ilipita misafara ya pembe za ndovu, na ilipita minyororo ya watumwa, jambo ambalo hatuna haki ya kulificha. Kwa njia hiyo hiyo ikapita lugha ya Kiswahili, na ikapita dini yetu. Miembe tunayoiona leo ikijipanga kutoka Tabora hadi Ujiji ni mabaki ya safari hizo.

Wajerumani walipofikisha reli Tabora mwaka 1912, na Waingereza walipoongeza tawi la kwenda Mwanza mwaka 1928, njia panda ilibaki pale pale. Mwaka 1925 Waingereza walifungua shule pembezoni mwa mji huo, kwa lengo kubwa la kuwaandaa watoto wa machifu waje kuutumikia utawala wao. Kijana wa Kizanaki akaletwa na tawi la Mwanza, akashuka katika mji uliojaa Wanyamwezi, Wamanyema, Waarabu na watu wa pwani, mji wa misikiti na wa barza ambapo watu hubishana tangu alasiri mpaka Isha.

Shuleni alijulikana kwa mambo mawili. La kwanza ni midahalo. La pili ni moyo wake. Walimu walimpendekeza awe kiranja mkuu, lakini mkuu wa shule, Mwingereza, akakataa kwa kuona kwamba kijana huyu ni mpole mno, hafai kusimamia wenzake. Hebu tulitazame jambo hilo. Mtu ambaye baadaye angeongoza nchi kwa zaidi ya miaka 20 alinyimwa ukiranja kwa sababu ya huruma! Mkuu yule alikuwa na fikra ile ile niliyokuwa nayo mimi siku ya semina, kwamba hisia ni upungufu, na kwamba anayetawala vizuri ni yule asiyeguswa.

Mwaka 1943 Nyerere akaenda Makerere, Uganda. Huko ndiko nilikokuta tukio lililonifanya niandike makala haya. Katika maktaba alikisoma kitabu cha Mwingereza John Stuart Mill kuhusu kukandamizwa kwa wanawake, kilichochapishwa mwaka 1869. Mwanafunzi mwingine angekisoma, akachukua notisi, akafanyia mtihani, akasahau. Yeye alipokisoma akamwona mama yake. Akaandika insha juu ya uhuru wa wanawake, akitumia hoja za Mill kuichunguza jamii yake mwenyewe ya Kizanaki, nyumba ya baba yake ikiwa humo. Insha hiyo ilishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki mwaka 1944, na imekuja kuchapishwa kama kitabu zaidi ya miaka 60 baadaye.

Msomaji asikimbilie kunijibu juu ya ndoa za mitala. Sheria yetu inajulikana: ina mipaka, na ina sharti zito la uadilifu. Hilo silo suala langu leo. Suala langu ni jinsi fikra ile ilivyozaliwa. Bila ya Mill, kijana yule angebaki na uchungu wa mama yake usio na maneno. Bila ya uchungu wa mama yake, angebaki na notisi za Mill. Uchungu ulimpa sababu ya kuhoji, na kitabu kikampa namna ya kuhoji. Vilipokutana ndipo alipopata ujasiri wa kutenda jambo gumu kuliko yote katika elimu, nalo ni kuyapima ya nyumbani kwenu kwa mizani ile ile unayopimia ya wengine.

Hapo hapo Makerere, yeye na wenzake, akiwemo Andrew Tibandebage na Mwislamu mwenzetu Hamza Mwapachu, walianzisha chama cha ustawi wa Watanganyika, ambacho baadaye kiliingia katika African Association, ile iliyokuja kuitwa TAA. Kwa hiyo fikra zile hazikuishia kwenye karatasi.

Mwaka 1946 akarudi Tabora, safari hii akiwa mwalimu katika shule ya St. Mary's ya wamisionari. Mchana alifundisha vijana. Jioni aliwafundisha watu wazima wa mjini Kiingereza bila malipo, na kazi za TAA akazifanya humo humo. Kwa muda mfupi alikuwa pia mkaguzi wa bei wa serikali, akizunguka madukani kuangalia wanaowaumiza wananchi. Alipoona taarifa zake hazifanyiwi kazi, akaacha. Hiyo ni hasira, lakini ni hasira iliyokwenda kwanza dukani, ikaona bei kwa macho, ikaandika, ndipo ikaamua.

Mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, akarudi mwaka 1952 na shahada ya M.A. Akafundisha Pugu. Mwaka 1953 akachaguliwa kuongoza TAA, tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa, na mwaka 1955 akaacha ualimu wa darasani. Mchango wa wazee wa Dar es Salaam katika miaka hiyo, akina Sykes na Sheikh Hassan bin Ameir, wasomaji wa gazeti hili wanaufahamu vizuri, sina haja ya kuurudia. Nikimbilie Januari 1958, mkutano mkuu wa TANU, Tabora.

Serikali ya kikoloni ilikuwa imeleta uchaguzi wa kura tatu. Kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, kana kwamba Waafrika mamilioni na Wazungu maelfu wachache ni sawa. Tena si kila Mwafrika angepiga kura: palikuwa na masharti ya elimu, ya kazi, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, ambacho mkulima wa kawaida hakuwa nacho. Ilikuwa dharau ya wazi. Wajumbe walifika Tabora na moto vifuani mwao, na wengi walitaka TANU isusie.

Nyerere aliona kwamba kususia ni kuwaachia wapinzani baraza lote, na kwamba njia ya kuliondoa jambo lile ni kuingia na kulishinda kwa masharti yake lenyewe. Lakini tazama alivyofanya kazi, maana hapo pana darasa. Hakuwaambia wajumbe kwamba hasira yao ni ya kipumbavu. Isingewezekana, kwa sababu yeye mwenyewe aliuona mfumo ule kuwa ni dhulma. Mkutano uliendelea kwa siku kadhaa, watu wakasema mpaka wakaishiwa. Alianzia pale walipokuwa wamesimama, katika dharau ile ile waliyoihisi, ndipo akawauliza kipi kitaiondoa upesi zaidi. Hasira ilibaki, ila sasa ilikuwa na swali mbele yake. Mkutano ukakubali kushiriki, na uamuzi ule ukaingia katika historia kwa jina la Uamuzi wa Busara. Wagombea walioungwa mkono na TANU wakapata ushindi mkubwa Septemba 1958 na tena Februari 1959, na mfumo wa kura tatu ukafa.

Haki inanitaka niongeze kwamba si wote walioshawishika. Zuberi Mtemvu alitoka TANU akaunda chama chake cha African National Congress. Na mwaka huo huo wa 1958 Sheikh Suleiman Takadir, mwenyekiti wa baraza la wazee wa TANU, alifukuzwa katika chama baada ya kuhoji hatima ya Waislamu katika nchi itakayokuja kuwa huru. Nalitaja hili kwa sababu linagusa swali langu. Mtu yule yule aliyewapa wajumbe wa Tabora siku kadhaa za kusema ya moyoni, hoja nyingine zilipofika katika mwaka huo huo, mlango wa chama chake ulikuwa mwembamba zaidi.

Sasa twende chuo kikuu. Mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa katika jengo la TANU, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiozidi 15. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Kwa nchi maskini kilikuwa kitu cha gharama kubwa, na Nyerere alikipenda kama mzazi anavyompenda mtoto aliyemsomesha kwa kuuza ng'ombe.

Katika miaka hiyo hiyo rais huyu alikuwa na kazi nyingine usiku. Alikuwa akitafsiri Shakespeare. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, akairekebisha na kuitoa tena mwaka 1969, mwaka ule ule ilipotoka Mabepari wa Venisi. Aliyeusoma mchezo huo anakumbuka pale Kaizari anapouawa na wasemaji wawili wanasimama mbele ya umati. Bruto anatoa sababu zake, kavu, akidhani sababu zinatosha. Antoni anafuata, anaonyesha maiti, anaonyesha wosia, na umati unawasha moto mji. Mtu aliyeyapitia maneno yale moja moja akiyatafutia Kiswahili chake alijua fika kwamba hoja isiyogusa moyo haisikiki, na kwamba moyo uliochochewa bila hoja huunguza nyumba.

Alijua. Na bado ikafika tarehe 22 Oktoba 1966.

Serikali ilikuwa imepitisha kwamba wahitimu waingie Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima, kwa miaka miwili, na sehemu kubwa ya muda huo walipwe asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wa chuo kikuu na baadhi ya wa vyuo vingine wakaandamana hadi Ikulu na mabango. Wengine walifika mahali pa kusema kwamba wakati wa mkoloni ulikuwa afadhali. Fikiria sikio la mtu aliyeacha mshahara wake wa ualimu mwaka 1955 kwa ajili ya uhuru huo, halafu anaambiwa maneno hayo na vijana wanaosomeshwa kwa jasho la wakulima. Nyerere aliwasikiliza. Kisha akasimama kuwajibu, na kadiri alivyosema ndivyo hasira ilivyompanda. Akakubaliana nao kwamba mishahara ya wakubwa ni mikubwa mno, akaanza na wa kwake, akaupunguza kwa asilimia 20 pale pale. Halafu akawafukuza. Wanafunzi karibu 400 wakarudishwa vijijini kwao chini ya ulinzi wa polisi.

Nimelisoma tukio hili mara nyingi, na sitaki kulihukumu kwa wepesi. Hasira ile ilizaa mambo. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na mwezi uliofuata ukatoka waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Wengi wa wanafunzi waliofukuzwa waliruhusiwa kurudi mwaka huo wa 1967. Na ubinafsi wa wasomi aliouona siku ile haukuwa wa kubuni. Nani kati yetu hajauona mpaka leo?

Lakini kama mwalimu najiuliza: wale vijana walijifunza nini? Hoja yao juu ya mishahara ya wakubwa ilikuwa na ukweli, na rais mwenyewe aliukiri kwa kujikata mshahara. Pamoja na hayo, waliosema ndio waliopakiwa kwenye magari. Hasira ya mwanafunzi na hasira ya mkuu wa nchi hazina uzito mmoja. Ya kwanza ni kelele, ya pili ni amri. Na ajabu ni kwamba ule waraka wa 1967 wenyewe unasisitiza kwamba elimu ijenge akili inayodadisi, inayojifunza kwa wengine na kukataa au kukubali kwa kupima. Ni maneno sahihi kabisa. Ila mwanafunzi hujifunza zaidi kutokana na yale aliyofanyiwa alipodadisi kuliko yaliyoandikwa kwenye waraka.

Kulikuwa na upande wa pili wa hisia pia, nao ni mapenzi. Profesa Ali Mazrui, Mwislamu wa Mombasa aliyekuwa akifundisha Makerere, aliandika mwaka 1967 juu ya ugonjwa aliouita Tanzaphilia, ule mvuto wa kimapenzi uliowafanya wasomi wengi, hasa wa Magharibi, wazubae mbele ya Tanzania na kiongozi wake kiasi cha kusahau kuhoji. Hili tusilipuuze. Tunaonya vijana juu ya hasira, lakini mapenzi nayo huzima akili, tena kimya kimya, bila hata sauti kupanda.

Mwaka 1970 chuo kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Nyerere akawa Mkuu wake. Alikuwa akipanda Mlimani kuzungumza na wanafunzi na walimu na kujibu maswali yao, jambo ambalo marais wengi wa Afrika wasingethubutu. Ilikuwa Mlimani ya Walter Rodney na ya Issa Shivji, na Museveni alikuwa mwanafunzi pale mpaka mwaka huo. Hata hivyo mwaka huo huo wa 1970 umoja wa wanafunzi wanamapinduzi, USARF, ulipigwa marufuku pamoja na jarida lake la Cheche. Mwaka 1971 rais wa wanafunzi, Simon Akivaga kutoka Kenya, akachukuliwa na polisi chuoni. Mwaka 1978 wanafunzi wakaandamana kupinga nyongeza ya marupurupu ya wabunge na mawaziri, wakafukuzwa, kisha wakasamehewa. Hoja ya mwaka 1978 ilikuwa karibu ile ile ambayo Mwalimu mwenyewe aliikubali mwaka 1966! Aliacha urais mwaka 1985, na akaishi miaka mingine 14 akiwa mtu wa kuhojiwa na kujibu.

Nikirudi katika dini yetu, naona mwongozo uko wazi kuliko nilivyoutumia. Mtume (S.A.W.) amemkataza hakimu kuhukumu kati ya watu wawili akiwa na hasira. Tazama nani aliyeambiwa ajizuie: ni hakimu, mwenye mamlaka. Mdai anaruhusiwa kuja analia. Na alipomjia kijana akiomba ruhusa ya kuzini, Masahaba wakamkemea, yeye alimsogeza karibu, akamuuliza kama angependa jambo hilo kwa mama yake, kwa binti yake, kwa dada yake, kwa shangazi yake. Kijana akaondoka ameelewa. Ule ulikuwa mjadala, na ulikuwa na hoja kamili, lakini mlango wa hoja ile ulikuwa moyo wa kijana. Imam Ghazali naye ameifananisha hasira na mbwa wa mwindaji: akili ndiyo mwindaji, na mbwa akifunzwa humsaidia kuwinda, asipofunzwa humrukia bwana wake. Hakusema mbwa auawe. Mimi siku ya semina nilitaka kumuua.

Tunalo jambo la kujibu sisi walimu wa leo, hasa katika vyuo vyetu. Tunalalamika kwamba wanafunzi hawafikiri, wanakariri, wanaogopa disko kuliko wanavyoogopa ujinga. Lakini mwanafunzi anapoleta kitu kinachomuuma, ambacho ndicho pekee angekifikiria usiku kucha bila kulazimishwa, tunamwambia akiache mlangoni. Halafu tunashangaa kwamba aliyeingia ndani ni kasuku. Na kuna walimu wa upande wa pili, wanaowasha jazba darasani wakapigiwa takbira, wakadhani wamefundisha. Hao nao wamewaacha vijana njiani. Wamewafikisha pale penye moto, wasiwafikishe kwenye swali.

Siku hizi nikifika kwenye mada ile nafanya hivi. Kila mwanafunzi anaandika kwanza, kwa ukurasa mmoja, jambo linalomuuma katika historia hiyo au linalomfanya ajivune, bila kuficha. Ukurasa wa pili anaandika ni jambo gani angelazimika kulijua ili hasira yake au fahari yake iwe ya haki: nani mwingine alikuwepo, nyaraka gani zipo, mpinzani wake angesema nini. Ukurasa wa tatu anautafutia majibu maktaba na kwa wazee. Kuna binti mmoja wa Kikristo aliyeandika juu ya fahari yake kwa Mwalimu, akamaliza akiwa ameyachambua matukio ya 1971 na 1978 kwa ukali kuliko Mwislamu yeyote darasani. Kuna kijana wa Kiislamu aliyeanza na hasira juu ya wazee waliosahauliwa, akaishia kurekodi simulizi za wazee watatu wa mtaani kwao Isevya, na mmoja wao alimweleza mambo yaliyompinga. Aliyaandika hayo pia, yote. Sijawahi kusoma kazi bora ya mwaka wa pili kuliko hiyo.

Nayo hasira yangu mimi naichunga, kwa sababu ya kwangu ina kalamu nyekundu.

Yule kijana wa kwanza kwa sasa anafundisha sekondari upande wa Urambo, kwenye reli ya Kigoma, hatua chache tu kutoka njia ile ya zamani ya misafara. Nilimpigia simu kumuomba radhi. Alicheka kwa adabu, akasema ustadhi hayo yamepita, yeye hata hayakumbuki. Kisha kabla hatujaagana akaniuliza kama bado nafundisha mada ile, na kama siku hizi wanafunzi wanaruhusiwa kutaja babu zao.

Nikamwambia wanaruhusiwa.

Wabillahi tawfiq.